MKOIVU, MTI MWEUPE WA UANI KATIKA NCHI YA UFINI

Kila nchi ina mti wake. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki akiulizwa habari za kwao, hakosi kuutaja mnazi. Mtu wa Dodoma atautaja mbuyu. Na mtu wa Ufini, nchi ya theluji na maziwa iliyoko kaskazini mwa Ulaya, atautaja mti wenye gome jeupe kama ukuta uliopakwa chokaa. Wafini huuita koivu; katika makala haya utaitwa mkoivu.

Mwaka 1988 mti huo ulichaguliwa kuwa mti wa taifa la Ufini. Haukuchaguliwa kwa kuwa ni mwingi kuliko yote. Karibu robo tatu ya ardhi ya nchi hiyo ni msitu, na sehemu kubwa ya msitu huo ni miti ya jamii ya msonobari, ambayo ndiyo hasa inayolisha viwanda vya mbao na karatasi. Mkoivu unapendwa kwa sababu nyingine: ndio mti wa mlangoni. Nyumba ya shamba isiyo na mkoivu uani huonekana kwa Mfini kana kwamba wenyewe hawajahamia bado.

SAFARI YA KUELEKEA KOLI

Msafiri anayetaka kuuona mkoivu penye asili yake hupanda gari moshi katika mji mkuu wa Helsinki, akaelekea mashariki hadi mji wa Joensuu. Safari hiyo huchukua muda wa saa nne na nusu hivi. Gari moshi hupita Lahti, Kouvola, Lappeenranta na Imatra, kisha husogea karibu sana na mpaka wa Urusi penye Parikkala. Dirishani, njia nzima ni msitu, ziwa, shamba, na msitu tena. Katikati ya weusi wa misonobari huonekana vigogo vyeupe, kimoja kimoja au vikundi vikundi, mithili ya watu waliovaa kanzu wakasimama kando ya reli kungoja abiria wao.

Kutoka Joensuu barabara hupanda kaskazini hadi vilima vya Koli, juu ya ziwa Pielinen. Kilele cha juu, Ukko-Koli, kina mita 347 kutoka usawa wa bahari. Kwa mtu aliyezaliwa chini ya Kilimanjaro au Ruwenzori hicho ni kichuguu. Lakini katika nchi ya tambarare kama Ufini, mtu akisimama hapo huona maji na visiwa hadi macho yachoke. Mchoraji mashuhuri Eero Järnefelt alipenda mno mahali hapo, na picha zake za Koli zimewafanya Wafini wengi waione sehemu hiyo kuwa sura ya nchi yao.

Miti myeupe ya Koli haikuota hapo kwa bahati tu. Zamani wakulima wa huko walifyeka msitu, wakauchoma moto, wakapanda nafaka katika majivu. Walivuna miaka michache, kisha wakaliacha shamba lipumzike, kama wafanyavyo wakulima wa sehemu nyingi za Afrika. Shamba likiachwa, mkoivu huwa wa kwanza kurudi. Mbegu zake ni ndogo sana, kila moja ina mabawa mawili membamba, na upepo huzichukua mbali. Nao ni mti upendao jua, usiostahimili kivuli; hivyo ardhi iliyo wazi huwa ni karamu kwake. Kwa sababu hiyo, mahali pengi penye mikoivu mingi palikuwa shamba la mtu. Tangu mwaka 1991 Koli ni hifadhi ya taifa, na hadi leo walinzi wake huchoma vipande vidogo vya msitu wakati wa kiangazi na kupanda nafaka, ili desturi hiyo isipotee na mikoivu ipate pa kuota.

KWA NINI GOME NI JEUPE

Weupe wa mkoivu hutokana na kitu kiitwacho betulini, kilichojaa ndani ya chembe za gome. Mtu akiupapasa mti kwa kiganja, unga mweupe hubaki mkononi kama chaki ya mwalimu. Gome lenyewe ni tabaka juu ya tabaka, kila tabaka jembamba kama karatasi, na tabaka la juu hujibandua lenyewe mti unaponenepa. Mistari myeusi iliyolala juu ya gome ni matundu ambayo mti huvutia hewa.

Wataalamu hueleza kwamba weupe huo ni kinga. Mwishoni mwa majira ya baridi jua hupiga vigogo wakati wa mchana, na usiku baridi kali hurudi. Gome jeusi lingepata moto upesi, kisha likaganda upesi, na mwisho likapasuka. Gome jeupe huirudisha miali ya jua.

Jambo lisilojulikana na wageni ni kwamba mkoivu hauzaliwi mweupe. Mche wake ni wa hudhurungi, mfano wa fimbo ya mchungaji, na hukaa hivyo miaka kadhaa kabla rangi nyeupe haijaanza kuonekana. Na ukishazeeka, sehemu ya chini ya kigogo hugeuka nyeusi na kujaa mifereji na mipasuko. Kwa hiyo apandaye mkoivu kwa ajili ya weupe wake ni sharti awe na subira, kwani subira yavuta heri.

Mikoivu mirefu ya Ufini ni ya namna mbili. Wa kwanza, uitwao rauduskoivu, una matawi yanayoning'inia kama nywele zilizofunguliwa, na vitawi vyake vikishikwa hukwaruza vidole kwa vijipele vidogo. Huu ndio mti wa taifa. Wa pili, hieskoivu, una vitawi vyenye malaika laini, na hustahimili ardhi yenye maji. Katika nyanda za kaskazini, ambako baridi huzidi, kuna namna ya tatu iliyo fupi sana, itambaayo juu ya ardhi kama majani ya boga.

MTI WENYE KAZI NYINGI

Mfini hakuupenda mti huu kwa macho tu. Gome lake, ambalo halipenyi maji wala halioza upesi, lilitandikwa chini ya mapaa ya nyumba. Wazee walilikata vipande virefu, wakalisuka kama ukili, wakapata vikapu, shanta za mgongoni, viatu na ala za visu. Lina mafuta ndani yake, hata likawaka moto likiwa limelowa. Askari au mwindaji aliyenyeshewa msituni alikuwa na kiberiti na kipande cha gome la mkoivu, na hayo yalimtosha. Kuni zake huwaka vizuri na hutoa joto jingi. Mbao zake hutengenezwa plaiwudi na samani.

Wakati wa kiangazi vitawi vyenye majani mabichi hufungwa kuwa fagio dogo. Watu wanapoingia katika sauna, yaani chumba cha kuogea kwa mvuke, hujipigapiga nalo mgongoni na miguuni ili damu itembee. Wafini wa magharibi huliita fagio hilo vihta na wa mashariki huliita vasta, na ubishi wa jina lipi ndilo sahihi hauna mwisho, kwa utani mwingi.

Mnamo mwezi Juni, katika sikukuu ya Juhannus, ambapo mchana wa Koli hufikia muda wa saa ishirini, mikoivu miwili michanga hukatwa na kusimamishwa kushoto na kulia kwa mlango wa nyumba. Mgeni hupita kati ya miti hiyo. Ni kama wanavyofanya watu wa mwambao kwa makuti ya mnazi siku ya harusi.

Hata katika Kalevala, kitabu cha tenzi za kale kilichokusanywa na Elias Lönnrot na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1835, mkoivu umepewa cheo. Mzee Väinämöinen alipofyeka msitu ili apande shayiri, aliuacha mkoivu mmoja usimame ili ndege wapate pa kutua. Tai alipouona wema huo, akamwashia moto wa kuchomea shamba lake.

ASKARI WALIORUDI

Mwandishi Zachris Topelius, aliyeishi kati ya mwaka 1818 na 1898, aliandika hadithi ambayo karibu kila mtoto wa Kifini amesimuliwa. Inaitwa Mkoivu na Nyota. Ni habari ya watoto wawili, kaka na dada, waliochukuliwa mateka wakati wa uvamizi wa miaka ya 1713 hadi 1721 wakapelekwa nchi ya mbali. Huko walilelewa vizuri, wakala wakashiba. Lakini hawakukisahau kwao. Walikuwa wamesahau jina la kijiji na njia ya kurudia. Walikumbuka tu kwamba uani palikuwa na mkoivu ambao asubuhi ndege waliimba juu yake, na usiku nyota iling'aa kati ya majani yake. Kwa alama hizo mbili walishika njia, wakatembea kwa miguu zaidi ya mwaka mmoja, hata wakaufikia mti wao na wazazi wao.

Hadithi hiyo ilikuwa ya watoto, lakini katika karne ya ishirini watu wazima waliiona kwa macho yao, na mwisho wake haukuwa ule ule. Ufini iliingia vitani na Urusi ya Kisovieti tarehe 30 Novemba 1939, na tena kuanzia mwaka 1941 hadi 1944. Mwisho wa vita hivyo, sehemu kubwa ya jimbo la Karelia ilibaki upande wa pili wa mpaka. Wafini zaidi ya 400,000, yaani zaidi ya mtu mmoja katika kila watu kumi wa nchi nzima, walihama na mizigo waliyoweza kuchukua, wakaacha nyumba, makaburi na miti ya uani. Kwa hao, mkoivu wa nyumbani ulikuwapo, lakini njia ya kuurudia haikuwapo.

Serikali ilipitisha mwaka 1945 sheria ya kugawa ardhi. Waliopewa ni wakimbizi wa Karelia, askari waliotoka mstari wa mbele, pamoja na wajane na yatima wa vita. Ardhi ilitoka kwa serikali, kwa makampuni, na kwa wenye mashamba makubwa, ambao walilipwa fidia. Ndipo ulipoanza ujenzi ambao alama zake zingali zikionekana katika kila mji na kijiji cha Ufini. Nyumba hizo huitwa mpaka leo nyumba za askari wa mstari wa mbele. Ni nyumba za mbao, ghorofa moja na nusu, paa limesimama wima ili theluji iteleze, na bomba la moshi katikati ili vyumba vyote vipate joto. Ramani zilitolewa bure au kwa bei nafuu, na wenye nyumba walijenga kwa mikono yao, jirani akimsaidia jirani, kwa kuwa misumari, saruji na vioo vilikuwa haba.

Kila nyumba ilikuwa na kiwanja. Humo familia ililima viazi, ikapanda matofaa na vichaka vya matunda madogo ya kupikia jemu. Na katika viwanja vingi, karibu na lango au upande wa uani, ukasimama mkoivu. Viazi ni chakula cha mwaka ule. Mtofaa huzaa baada ya miaka michache. Mkoivu hauna tunda la kuliwa, wala haukupi weupe wake upesi. Mtu aliyepoteza kwao akipanda mti wa namna hiyo, huwa amekwisha kata shauri kwamba hapo alipo ndipo kwao.

JINSI UNAVYOPANDWA NA KUTUNZWA

Wafini hupanda mche wa mkoivu majira ya kuchipua, kabla majani hayajafunguka, au majira ya kupukutika, baada ya majani kuanguka. Mahali panapofaa ni penye jua la kutosha na udongo usiotuamisha maji. Shimo huchimbwa pana kuliko mizizi, udongo hukanyagwa taratibu, na mche hunyweshwa maji kwa wingi mwaka wa kwanza, hasa wakati wa ukame.

Umbali na nyumba ni jambo la kuangaliwa sana. Fimbo ile ya hudhurungi itakuja kuwa mti wa mita 20 na zaidi. Mizizi yake hutandaa karibu na uso wa ardhi na kunywa maji mengi, hata maua na majani yaliyo chini yake hunyong'onyea. Huingia pia katika mifereji iliyopasuka. Mwenye hekima hupima mara mbili kabla ya kuchimba shimo.

Adui wa mche ni wengi. Panya wa porini hujificha chini ya theluji wakaguguna gome pande zote. Mche uliogugunwa hivyo hufa. Sungura huja usiku. Naye hirvi, mnyama wa jamii ya kulungu mwenye kimo cha farasi, huvunja ncha na kula vitawi. Ndiyo sababu miche huzungushiwa wavu wa waya.

Kupogoa kuna msimu wake. Mwanzo wa majira ya kuchipua, mizizi husukuma maji juu kwa nguvu nyingi, na tawi likikatwa wakati huo mti hutiririsha maji siku baada ya siku. Kwa hiyo matawi hukatwa kiangazi kinapoendelea, majani yakiwa yamekomaa. Lakini maji yale yale ni neema kwa ajuaye kuyachukua. Kabla majani hayajatoka, watu hutoboa tundu dogo katika mti mkubwa, wakatia mrija, wakakinga chombo. Mti mmoja hutoa lita kadhaa kwa siku, maji maangavu yenye utamu mdogo. Baada ya wiki chache maji hugeuka uchungu, na kazi huishia hapo.

Sheria nayo ina neno. Nchini Ufini kila mtu ana ruhusa ya kutembea katika msitu usio wake, kuchuma uyoga na matunda madogo. Hana ruhusa ya kubandua gome, kukata tawi wala kukinga maji ya mkoivu bila idhini ya mwenye ardhi. Gome likibanduliwa vibaya, mti hubaki na kovu jeusi maisha yake yote, na pengine hufa. Wazazi huwafundisha watoto jambo hilo mapema, maana gome linalojikunjua lenyewe humshawishi kila mtoto kulivuta.

MTI UKIZEEKA

Mkoivu si mbuyu. Umri wake hulingana na wa binadamu aliyejaliwa maisha marefu: wengi hawapiti sana miaka mia moja. Mikoivu iliyopandwa katika viwanja vya askari mwishoni mwa miaka ya 1940 na katika miaka ya 1950 sasa ni mizee. Waliojenga nyumba zile karibu wote wameaga dunia. Wajukuu, au wageni walionunua nyumba, hukabiliwa na swali gumu: waukate mti au wauache?

Sababu za kuukata zipo. Uyoga mgumu ukishaota juu ya kigogo, ni dalili kwamba ndani mnaoza, na tawi kubwa laweza kuanguka juu ya paa usiku wa dhoruba. Mwezi Mei chavua ya mkoivu huwaletea watu wengi mafua na macho kuwasha. Mwezi Oktoba majani hujaza mifereji ya paa, na jirani hunung'unika. Lakini wapo ambao hawawezi kuutia msumeno mti uliopandwa na babu aliyerudi vitani. Wengine hutafuta njia ya katikati: huukata mti uliooza, wakapasua kuni za sauna, na mwaka huo huo wakapanda mche mpya hatua chache kutoka kwenye kisiki.

Msomaji atauliza kama mti huu mzuri waweza kuoteshwa huku kwetu. Jibu ni kwamba haufai. Mkoivu hupima majira kwa urefu wa mchana. Kwao, mchana ukifupika, hujua kwamba baridi yaja, ukaacha kukua na kufunga vichipukizi vyake. Katika nchi za Ikweta, ambako mchana ni saa kumi na mbili mwaka mzima, mche wa kaskazini huona siku zote kwamba majira ya kukua yamekwisha. Tena huhitaji baridi ndefu ili uamke vizuri. Kuuleta ni kuutesa.

Lakini desturi yake yaweza kusafiri. Familia nyingi za askari na polisi huishi katika nyumba za kambi, leo hapa, mwaka kesho kituo kingine, na wengi huona hasara kupanda mti ambao kivuli chake atakalia mtu mwingine. Wafini waliofukuzwa kwao na vita walikuwa na kila sababu ya kuwaza hivyo, nao wakapanda. Mwembe, mwarobaini au mkungu waweza kufanya uani kazi ile ile, mradi upandwe mbali na ukuta, uzungushiwe miiba mbuzi wasiufikie, na unyweshwe maji kiangazi cha kwanza. Familia ikipata uhamisho, itakabidhi nyumba pamoja na mti. Na huko iendako, huenda ikakuta kivuli cha mtu aliyetangulia.